Sisi wa mafuta ya buku mbili, nani anatupimia?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Najua kila anayeandika huomba kidogo, kisha akajaza ukurasa mzima. Na mimi nitajaza, nivumilie.

Ni mama wa miaka 54, mkazi wa Tabata Kisukulu. Nimefanya kazi sheli kwa miaka kumi na moja, nikianza kama mhudumu wa kushika nozo, ule mdomo wa pampu, hadi nikawa kiongozi wa zamu. Nilipoacha, hela niliyopata nikanunulia bajaji, na baada ya muda nikaongeza ya pili. Zinapaki Kimanga, vijana wawili wanaziendesha, kila jioni wananiletea hesabu. Kwa hiyo pampu ya mafuta nimeiona kutoka pande zote mbili: upande wa anayeuza, na sasa upande wa anayeuliza mafuta yamekwenda wapi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mmoja wa hao vijana. Mwezi mzima hesabu ilikuwa inapungua, leo elfu mbili, kesho elfu tatu. Nikimuuliza, jibu ni moja: "Mama, mafuta hayakai." Nami, kama mabosi wote wa bajaji wa Dar es Salaam, nikaamini ananipiga. Nikapeleka chombo kwa fundi, akaangalia kabureta, akaangalia mipira ya mafuta, akasema injini haina tatizo. Nikabaki na kijana, au sheli.

Kijana huyu anaweka mafuta ya buku mbili, yaani shilingi elfu mbili, au ya buku tatu, mara nne au tano kwa siku. Asiyejua biashara hii atauliza kwa nini asijaze tenki mara moja, maana tenki lenyewe linachukua karibu lita 8 tu. Hajazi kwa sababu asubuhi hana kitu mfukoni. Abiria wa kwanza ndiye anayenunua mafuta ya abiria wa pili. Na jioni bajaji inalala kwangu, hivyo mafuta anayobakiza tenkini ni kama amenipa sadaka, au amempa anayepita usiku na mpira wa kunyonyea. Bodaboda ni vilevile. Simama dakika kumi kwenye sheli yoyote ya barabara ya Mandela asubuhi uhesabu: gari moja la kujaza, pikipiki saba za elfu mbili mbili.

Nikaamua kupima mwenyewe. Mtoto wa dada yangu ni mwalimu wa kemia kwenye shule ya sekondari, akaniazimia silinda ya maabara ya mililita 1,000. Nikatafuta kopo la bati lenye mfuniko, kwa sababu petroli haiwekwi kwenye jagi la plastiki la jikoni, na hilo niliwafundisha wasichana wengi waliopita kwenye zamu yangu. Nililowesha kopo kwanza kwa petroli, nikamwaga, nikasubiri sekunde thelathini lichuruzike, ndipo nikaanza. Hivyo ndivyo nilivyowaona maofisa wa Wakala wa Vipimo wakifanya kila walipokuja kwetu, kwa sababu kopo kavu hubakiza mafuta kwenye kuta zake ukadhani umeibiwa.

Nilikwenda sheli tatu. Sitazitaja, na utaona hapo chini kwa nini si haki kuzitaja. Siku hiyo lita ilikuwa karibu shilingi 2,900, hivyo kwa buku mbili nilitakiwa kupata kama mililita 690. Sheli ya kwanza nilipima mara tatu: 690, 680, 690. Ya pili, mara mbili, zote 690. Ya tatu nilifika saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikaenda makusudi kwenye pampu ya pembeni ambayo usiku kucha ilikuwa haijaguswa. Nikapata 640. Nikamwambia yule binti aweke tena buku mbili hapohapo: 680. Tena: 690. Kesho yake alfajiri nikarudi kwenye pampu ileile: 630.

Pampu ileile, mhudumu yuleyule, bei ileile. Anayefika pampu ikiwa imelala anapungukiwa na mililita 50 au 60, anayemfuata anapata haki yake. Huo si wizi wa mkono, Mhariri. Watu wakisikia pampu imepunja wanafikiria kifaa cha kielektroniki kilichofichwa ndani, au mhudumu aliyeanza kuweka kabla ya kurudisha namba kwenye sifuri. Hayo yapo, na yanajulikana. Hili langu halina mkosaji wa kukamatwa.

Niliyekuwa natamani kumuuliza ni fundi pampu wetu wa zamani, mzee mmoja aliyekuwa akija na sanduku la spana na redio ndogo. Bahati nzuri alishanieleza miaka mingi iliyopita, nikawa sikumsikiliza. Mafuta yanavutwa kutoka tenki la chini, yanapita penye kutoa hewa, yanaingia kwenye mita. Ndani ya mita kuna pistoni, nyingi zina nne, na kila pistoni ikienda na kurudi inapitisha ujazo uleule. Mzunguko wake unageuzwa kuwa alama za umeme zinazokwenda kwenye kompyuta ya pampu, ndiyo namba unazoona zikikimbia. Lakini kati ya mita na tenki lako kuna mpira wenye urefu wa mita kadhaa. Mpira huo unatakiwa kuwa umejaa mafuta muda wote. Valvu ya kuzuia mafuta yasirudi ikichoka, usiku yanarudi chini polepole na mpira unabaki na nafasi. Asubuhi mita inaanza kuhesabu mafuta yanayojaza mpira kabla tone halijafika kwenye nozo. Mpira uliochakaa nao hutanuka presha inapoingia, ukameza kidogo. Mafundi wanasema pampu "inaruka": namba zinaruka, mafuta bado.

Mililita 50 kwa mtu anayejaza lita 40 kwenye Prado ni mate tu. Kwa mtu wa mililita 690 ni asilimia saba.

Sasa niseme kuhusu sheria, maana ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Kwetu pampu ni kipimo cha biashara kama mizani ya muuza nyama, na iko chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inayosimamiwa na Wakala wa Vipimo ulioundwa mwaka 2002. Pampu haitakiwi kuuza mpaka ihakikiwe, inahakikiwa upya kila mwaka, na ikifunguliwa kwenye mita kwa matengenezo ihakikiwe tena. Ikishapita inabandikwa stika na kufungwa lakiri, ule waya wenye kipande cha risasi kilichogongwa muhuri, ili mtu asiweze kugusa sehemu ya kurekebishia bila kukata waya. Sina ugomvi na utaratibu huo. Nimewahi kuona ofisa akifunga pampu ya bosi wetu mchana kweupe, foleni ikiwa imefika barabarani, na hakusikiliza simu ya mtu.

Lakini kwetu walikuwa wakija na kopo la chuma la lita 20, na wakati mwingine la lita 5. Kiwango kinachofuatwa na nchi nyingi ni cha shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, OIML, lenye makao yake Paris, na Tanzania ni mwanachama. Mapendekezo yake namba R 117 yanaruhusu pampu ya mafuta ya magari ikosee kwa asilimia 0.5, juu au chini. Kwa lita 20 hiyo ni mililita 100. Pampu yangu ya pembeni, yenye upungufu wa mililita 50 wakati wa kuanza, ukiipima kwa lita 20 inafaulu, na nusu ya ruhusa yake haijaitumia. Na kabla ya kupima ofisa lazima aloweshe kopo, yaani amimine lita 20 za kwanza ambazo hazihesabiwi. Hizo za kwanza ndizo zinazoujaza mpira. Kwa maneno mengine, upungufu unaomuumiza kijana wangu unasafishwa na maandalizi ya kipimo kabla kipimo hakijaanza.

Kuna jambo jingine ambalo miaka kumi na moja nililifuta vumbi kila asubuhi bila kulisoma. Kwenye ubavu wa pampu kuna kibati cha mtengenezaji. Kina namba ya mashine, mwendo mdogo na mkubwa wa mafuta kwa dakika, na herufi tatu, MMQ, zikifuatiwa na tarakimu. Hicho ndicho kiasi cha chini kabisa ambacho pampu imeidhinishwa kukipima. Kwenye pampu nilizozitazama mwezi huu baadhi zimeandikwa lita 2, nyingine lita 5. Kwenye kiasi hicho cha chini mapendekezo hayohayo yanaruhusu kosa mara mbili, yaani asilimia moja. Pampu ya MMQ ya lita 5 inaweza kukosea kwa mililita 50 ikawa bado ni halali kabisa. Na chini ya kiasi hicho mashine haiahidi kitu. Mtengenezaji mwenyewe ameandika kwamba haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Tafsiri yake kwa Kiswahili cha Kimanga: mafuta ya buku mbili hayamo kwenye sheria. Tunayanunua kila siku, EFD, ile mashine ya kodi, inatoa risiti kama umeidai, serikali inakata kodi yake, bei imepangwa, ila ujazo wake haupo ndani ya uwezo ulioidhinishwa wa mashine inayoupima.

Hapo ongeza na namna tunavyowekewa. Tenki la pikipiki ni dogo na mdomo wake mwembamba, mhudumu akibana nozo yote mafuta yanaruka, yanamwagikia injini ya moto. Kwa hiyo anabana kidogokidogo, tiririka, acha, tiririka. Nami nilifanya hivyo maelfu ya mara. Mita nayo ina mwendo wake wa chini. Mafuta yakipita taratibu kuliko hapo, hesabu yake si ya kutegemea. Tunanunua kiasi kilicho chini ya kipimo, kwa mwendo ulio chini ya kipimo, halafu tunagombana na binti wa watu aliyeshika nozo.

Niseme neno kwa ajili ya mabinti hao. Mhudumu hagusi mita, hawezi. Anasoma totalaiza, ile namba ya jumla ya mafuta yote yaliyopita kwenye pampu, anapoingia zamu, anasoma anapotoka, tofauti yake inazidishwa kwa bei, na pesa isipotosha ni shoti yake, inakatwa kwenye mshahara. Nimekatwa shoti nikiwa na mimba ya miezi minane. Anayemtukana mhudumu kwa sababu pampu imeruka anamtukana mtu asiyejua kama imeruka.

Ila bosi anaweza kujua, na kiongozi wa zamu pia, na hapa najishitaki mwenyewe. Asubuhi tulikuwa tunapiga dipu, tunazamisha fimbo ndefu kwenye tenki la chini kuona kimebaki kiasi gani, tunalinganisha na mauzo ya mita. Kwa kawaida tenki hupungua zaidi kidogo ya mita, maana petroli huvukiza. Kuna mwezi dipu ikawa inatoka na ziada, siku baada ya siku. Pampu moja ilikuwa na valvu mbovu. Nilijua kuna kitu, kwa sababu mafuta hayazaliani chini ya ardhi. Sikuuliza. Ziada ile ilifunika shoti za wasichana wangu, na mwisho wa mwezi bosi akatununulia soda. Ile soda, nikipiga hesabu leo, ilinunuliwa na madereva wa pikipiki waliofika alfajiri.

Kuna watakaosema dawa ni kununua asubuhi kukiwa na baridi. Imani hiyo niliikuta sheli na nimeiacha sheli. Ni kweli petroli hutanuka, karibu elfu moja ya ujazo wake kwa kila nyuzi moja ya joto, lakini tenki limefukiwa, na joto la chini ya ardhi halibadiliki kati ya alfajiri na saa nane. Kwa mtu wa buku mbili asubuhi ndiyo saa mbaya zaidi, kwa sababu ya ule mpira.

Ninachoomba si kikubwa. Nenda duka lolote la Mangi mtaani kwetu utazame mawe ya mizani: la kilo lina muhuri wake, la nusu lina wake, la robo lina wake. Hakuna ofisa wa vipimo aliyewahi kusema kwamba jiwe la kilo likiwa sawa basi la robo halina haja ya kupimwa. Anajua mtaani sukari inauzwa robo. Basi na kwenye pampu, pamoja na lile kopo la lita 20, ofisa aje na la lita moja. Na alitumie kwanza, asubuhi, kabla pampu haijaguswa, kwa mkono wa taratibu kama anavyowekewa mtu wa bodaboda. Pampu inayoruka ionekane inaruka. Valvu na mpira si vitu vya kumfilisi mwenye sheli.

Kile kibati nacho kihamishwe machoni pa mnunuzi. Chini ya bei, kwa Kiswahili, maandishi makubwa: pampu hii imethibitishwa kupima kuanzia lita kadhaa. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunaisubiri EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, itangaze bei kikomo, na bei ikipanda shilingi 20 kijiwe kizima kinalalamika hadi jioni. Mililita 50 za alfajiri ni kama shilingi 145, na hakuna anayelalamika, kwa sababu hazikuandikwa popote.

Tena kila sheli iwe na kopo la kupimia lenye muhuri wa Wakala, na mteja akiomba apimiwe mbele yake. Meneja wetu wa kwanza alitoka Gujarat, na alitusimulia kwamba kwao India kila sheli inatakiwa kuwa na kopo la lita 5 lililohakikiwa, na mteja ana haki ya kulidai. Sisi tulicheka, tukasema Mtanzania akipewa kopo hilo atashinda sheli siku nzima. Sioni tena kilichotuchekesha.

Kuna jibu moja ninalolihofia, na nalitaja mapema lisije likapita kama suluhisho: kwamba sheli ziache kuuza chini ya kiasi kilichoandikwa kwenye kibati. Mwenye sheli atafurahi, foleni itapungua, na pampu zote zitakuwa ndani ya sheria kwa siku moja. Nasi tutakwenda wapi? Tutakwenda kwenye vibanda vya petroli ya chupa za maji, pembeni ya jiko la chipsi, ambako kipimo ni chupa yenyewe na hakuna anayejua ndani kumechanganywa nini. Sheria ya kumlinda mnunuzi isimfukuze mnunuzi. Pampu ndiyo ifuate ununuzi wa watu. Watengenezaji wanazo mita zinazopima kuanzia kiasi kidogo, na mwenye kibali cha kuingiza pampu mpya anaweza kuambiwa alete za aina hiyo.

Kwa sasa nimewaambia vijana wangu wasiwe wa kwanza pampuni. Wasubiri gari lijaze, kisha wasogee pampu hiyohiyo haraka mpira ukiwa bado umejaa. Ikiwezekana waweke ya elfu tano mara mbili badala ya buku mbili mara tano, na mimi nimeacha kulala na mafuta yao: yanayobaki jioni nayapima kwa kijiti na kuyahesabia kwenye hesabu. Wiki ya kwanza kijana aliniletea kamili siku tano kati ya sita. Nimemwomba radhi, ingawa hakunijibu, alitabasamu tu na kuwasha bajaji.

Silinda nilijaribu kuirudisha shule, mwalimu akaikataa kwa sababu ya harufu. Ipo kabatini kwangu, na lile kopo la bati. Ofisa wa Vipimo wa Ilala akitaka kuja kujionea, pampu ya pembeni nitamwonyesha. Aje tu kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, kabla mtu hajaigusa.

Mama wa bajaji mbili,
Tabata Kisukulu, Dar es Salaam